Singo Moja, Matoleo Sita: Wimbo wa Klabu Unavyotengenezwa na Sauti ya Mwimbaji Inavyopotelea Ndani Yake

Mwimbaji wa soul aliyezoeleka kwa nyimbo za polepole akitoa singo ya klabu ya kulisifia jiji lake usiku, maswali huwa yale yale. Mbona kwenye simu wimbo unaonekana mara sita, mmoja wa dakika tatu na nusu, mwingine wa saba, mwingine hauna hata maneno? Upi ndio wimbo wenyewe? Ina maana ameacha soul? Na DJ akiupiga usiku kucha kwenye klabu iliyofurika, mwimbaji anapata nini?

Maswali haya yanajibika, ingawa jibu la lile la mwisho linauma. Mahali pazuri pa kuyajibia ni Chicago. Jiji hilo limelea waimbaji wakubwa wa injili na soul, na ndiko muziki wa hausi ulikozaliwa. Pande hizo mbili zilikutana kwenye koo la mwanamke mmoja, Loleatta Holloway, aliyezaliwa humo mwaka 1946.

Kwanza majina. Soul ni muziki wa Wamarekani weusi uliokomaa kati ya miaka ya 1950 na 1960, pale uimbaji wa kanisani, pamoja na miito na vilio vyake, ulipotiwa maneno ya mapenzi na maisha ya kila siku. Disko ni muziki wa kucheza wa miaka ya 1970, uliopigwa na bendi kamili: mpiga ngoma, gitaa la besi, tarumbeta, na mara nyingi kundi zima la wapiga fidla. Hausi ni mtoto wa disko, aliyezaliwa mwanzoni mwa miaka ya 1980, ngoma zake zikipigwa na mashine. Singo ni wimbo unaotolewa peke yake, hata kama umo pia kwenye albamu.

Singo ya klabu, basi, ni wimbo unaotolewa peke yake ukiwa umetengenezwa kwa ajili ya DJ na watu wanaocheza mbele yake. Msikilizaji wa redio hakufikiriwa kwanza, wala yule aliyevaa hedifoni kwenye basi. Ukilishika hilo, mengi yanayoonekana kama kasoro yanageuka kuwa na sababu.

Chukua urefu. Karibu muziki wote wa disko na hausi huhesabiwa kwa nne: midundo minne hufanya kipimo kimoja. Wimbo unaokwenda kwa midundo 120 kwa dakika, kila mdundo ni nusu sekunde, kipimo ni sekunde 2, vipimo 16 ni sekunde 32, na vipimo 32 ni dakika 1 na sekunde 4. Kitu kipya huingia au hutoka kila baada ya vipimo 8 au 16. Mchezaji hahesabu, lakini mwili wake unajua. Matoazi yakiingia kipimo kimoja kabla ya wakati, sakafu nzima inajikwaa.

Toleo refu huwa na dakika 6 hadi 8. Vipimo 32 vya mwanzo mara nyingi ni ngoma tupu, au ngoma na besi. Anayesikiliza nyumbani anaona wimbo umechelewa kuanza. DJ anaona nafasi ya kufanya kazi: ana dakika moja ya kuoanisha mwendo wa wimbo unaoingia na ule unaotoka, kupunguza besi ya mmoja na kupandisha ya mwingine, kabla mtu yeyote hajaimba. Mwishoni nako huachwa vipimo kama hivyo bila maneno, ili wimbo utoke kwa usalama.

Prodyuza asiyezoea klabu hukosea hapa kwa namna mbili. Ya kwanza ni kumwingiza mwimbaji mapema mno, kipimo cha tano au cha tisa. Sauti mbili za binadamu zikikutana, kila mmoja akiimba habari zake, hakuna ufundi wa DJ utakaoziokoa. Ya pili ni kuacha utangulizi wa vipimo 30 au 34 kwa sababu tu ulipendeza masikioni studio. DJ ameupanga wimbo kwa hesabu ya 32, kwa hiyo kiitikio kinaangukia pasipo pake, na kuanzia siku hiyo wimbo huo haupigwi tena.

Toleo la redio hufuata hesabu nyingine. Dakika 3 na nusu kwa mwendo wa 120 ni vipimo 105 tu, na kiitikio lazima kisikike kabla ya dakika ya kwanza kuisha. Utangulizi unabaki vipimo vinne au vinane. Kisha kuna dabu, ambapo maneno mengi huondolewa na kubaki vipande vya sauti vinavyorushwa kwa mwangwi. Kuna biti tupu isiyo na mwimbaji kabisa, na sauti tupu isiyo na ala yoyote. Juu ya hayo kuna rimiksi: mtu mwingine kapewa sauti ya mwimbaji akaitengenezea muziki mpya chini yake.

Fundi cherehani akipewa doti moja ya kitenge anaweza kutoa gauni, shati na kilemba, na hakuna anayeuliza kitenge chenyewe ni kipi kati ya hivyo. Matoleo ya singo ya klabu hukatwa hivyo hivyo kutoka kurekodi kumoja. La redio halina haki zaidi ya kuitwa wimbo wenyewe. Kwa nyimbo nyingi za miaka ya 1970 na 1980, toleo ambalo watu wanalipenda hadi leo ni lile refu, na lile fupi limebaki kwa wakusanyaji.

Utaratibu huu una tarehe yake. Kabla ya katikati ya miaka ya 1970, singo ilitoka kwenye santuri ya inchi 7 inayozunguka mara 45 kwa dakika. Upande mmoja ulibeba dakika 3 hadi 5, na ukitaka sauti kubwa, ulibaki na 3. Sababu ni ya kimaumbile. Sauti ya besi huifanya sindano iyumbe sana kulia na kushoto, kwa hiyo mtaro wake unahitaji upana. Ukibana dakika nyingi kwenye sahani ndogo, mitaro inakaribiana, na fundi hana budi kupunguza besi na kushusha sauti yote. DJ akiipiga santuri hiyo kwenye spika kubwa, wimbo unasikika mwembamba.

Tom Moulton, aliyekuwa akirefusha nyimbo kwa ajili ya wachezaji wa New York, aligundua dawa yake kwa bahati. Fundi wake wa kukata santuri, José Rodriguez, aliishiwa sahani za inchi 7 akatumia kubwa zaidi, na ili wimbo usikusanyike katikati, akaitanua mitaro. Sauti ikatoka kubwa na nzito kuliko walivyowahi kusikia. Mwaka 1976 lebo ya Salsoul ya New York ikauza kwa umma singo ya kwanza ya biashara ya inchi 12, "Ten Percent" ya kundi la Double Exposure, iliyomiksiwa na DJ Walter Gibbons na kurefushwa kupita dakika 9. Kabla ya hapo santuri za ukubwa huo zilikuwa za ma-DJ peke yao.

Kwa nini Gibbons ni muhimu katika habari ya mwimbaji wa soul? Holloway alikuwa amelelewa kwenye injili. Aliimba kwenye kikundi cha mama yake, kisha na The Caravans, kundi la injili la Chicago lililokuwa na sifa nchi nzima, ndipo akahamia soul. Mwaka 1976 akaingia Gold Mind, lebo ndogo iliyokuwa chini ya Salsoul. Wimbo wake "Hit and Run" ulipofika mikononi mwa Gibbons mwaka 1977, alipewa kitu ambacho ma-DJ hawakuwa wakipewa: mkanda wa njia nyingi, yaani mkanda ambao kila ala na kila sauti imerekodiwa kwenye njia yake. Angeweza kuzima fidla zote, au kumwacha mwimbaji na ngoma tu.

Gibbons aliweka pembeni sehemu kubwa ya maneno ya kawaida na kuipa nafasi ile sehemu ya mwisho ambayo Holloway anaimba yanayomjia papo hapo: miguno, vilio, kubishana na mpenzi asiyekuwepo. Wimbo ukafika karibu dakika 11. Sehemu ambayo toleo la redio lingeifuta taratibu, yeye aliifanya kuwa kiini. Sikiliza mpito kutoka maneno yaliyoandikwa kwenda kwenye vilio: ni njia ile ile ya kanisani, pale kwaya inaporudia mstari mmoja na kiongozi anaachiwa uwanja. Ndiyo maana hoja kwamba mwimbaji "ameacha soul" akienda klabu haisimami. Singo ndefu ya klabu inampa nafasi ya kufanya jambo ambalo soul ilirithi kanisani, na ambalo dakika tatu za redio humnyima.

Sasa turudi Chicago yenyewe. Mwaka 1977 Robert Williams alifungua klabu kwenye jengo la namba 206 South Jefferson Street, iliyojulikana kama Warehouse, na DJ wake akawa Frankie Knuckles, kijana aliyetoka New York. Waliokuja wengi walikuwa Wamarekani weusi na Walatino, wengi wao wapenzi wa jinsia moja, watu ambao klabu nyingine za jiji hazikuwataka. Pombe haikuuzwa. Usiku ulianza Jumamosi na kuendelea hadi Jumapili mchana, wakati mitaa mingine ya jiji iko ibadani. Sauti iliyokulia kwenye injili haikuwa ngeni humo ndani hata kidogo.

Halafu, tarehe 12 Julai 1979, uwanja wa besiboli wa Comiskey Park, jijini humo humo, ukajaa watu walioletwa na mtangazaji wa redio Steve Dahl kushuhudia santuri za disko zikilipuliwa. Lebo kubwa ziliingia hofu, na nyimbo mpya za disko zikapungua. Knuckles hakuwa na njia ila kuzirefusha alizonazo: alikata na kuunga mikanda kwa mkono, akarudia vipande vya ngoma, na baadaye akaongeza mashine ya ngoma juu ya santuri. Vijana waliomsikiliza wakaenda nyumbani kujaribu bila santuri kabisa. "On and On" ya Jesse Saunders, ya mwaka 1984, ndiyo hutajwa mara nyingi kuwa singo ya kwanza ya hausi iliyouzwa. Jina la muziki wenyewe, "house", lilitokana na lile la klabu, Warehouse.

Wengi hudhani hausi ni disko iliyoongezwa kasi. Si hivyo. Disko ilikwenda takriban kati ya midundo 110 na 130 kwa dakika, na hausi ya sauti za soul hukaa kati ya 118 na 126, kasi zinaingiliana. Tofauti iko kwenye mkono unaopiga. Mpiga ngoma wa disko ni binadamu: kiitikio kikimpandisha mori, mwendo wake nao unapanda mdundo mmoja au miwili kwa dakika, kisha unarudi. Mashine ya ngoma kama Roland TR-909, iliyotoka mwaka 1983, haiyumbi. DJ anayeunganisha nyimbo mbili za hausi akizipatanisha mara moja, zinabaki pamoja. Anayeunganisha disko ya mwaka 1977 na hausi ya leo lazima mkono wake ubaki kwenye kitelezi cha kasi muda wote, asukume na kurudisha, la sivyo baada ya vipimo kumi na sita ngoma zinaanza kupiga kama farasi wawili.

Kitelezi hicho nacho kina gharama. Kwenye mashine ya kupigia santuri ya Technics SL-1200MK2, iliyotumika sana klabuni, kasi hupanda au kushuka kwa asilimia 8, na wimbo wa 120 unaweza kwenda hadi karibu 130. Lakini santuri ikizunguka kasi zaidi, sauti pia inapanda: asilimia 6 ni karibu nusu-toni nzima, yaani hatua kutoka kitufe kimoja cha kinanda hadi kinachofuata. Kwa ngoma hakuna neno. Kwa mwimbaji wa soul mwenye sauti nzito ya kifuani, asilimia 8 inatosha kumfanya asikike kama binti wa miaka kumi na minne. Programu za leo hubadilisha kasi bila kugusa kimo cha sauti, ila ukivuka asilimia kadhaa, sauti ndefu zinaanza kutetemeka na pumzi zinasikika za chuma. Ndiyo maana wanaojua kazi hii huamua mwendo kabla mwimbaji hajaingia studio, na kumwimbisha kwenye mwendo huo huo.

Studio kuna mengine yasiyoonekana. Sauti ya mwimbaji husafishwa chini ya takriban hezi (mitetemo kwa sekunde) 80 hadi 100, kwa sababu huko hakuna uimbaji, kuna mtikisiko wa maikrofoni na hatua za miguu, na vyote vitagongana na besi. Besi nayo hushushwa kidogo kila ngoma kubwa inapopiga, ili ngoma ipate pa kupita. Herufi "s" na "sh" hupunguzwa makali, hasa kati ya hezi 5,000 na 8,000, maana kwenye spika za klabu zinachoma masikio na kwenye santuri zinakwaruza. Mwangwi huwekwa mdogo kuliko unaopendeza nyumbani, kwa kuwa ukumbi mkubwa una mwangwi wake. Wimbo ulionakshiwa mwangwi mwingi ukifika klabu, maneno yanayeyuka na jiji linalosifiwa halijulikani ni lipi. Besi lazima ibaki katikati, si kushoto wala kulia: kumbi nyingi hupiga sauti moja pande zote, na kwenye santuri besi ya upande mmoja inaweza kuirusha sindano nje ya mtaro.

Na hili liwafikie ma-DJ wa kwetu wanaopakua nyimbo kutoka kwenye video za intaneti: faili ya namna hiyo mara nyingi imekatwa sauti za juu, kuanzia takriban hezi 16,000, na kubanwa mara mbili. Kwenye simu hutagundua. Kwenye spika kubwa matoazi yanasikika kama mafuta ya kukaangia, na anayelaumiwa ni mwimbaji.

Vipi kuhusu maneno ya kulisifu jiji? Hapa ufundi ni mwembamba kuliko watu wanavyofikiri. Wimbo wa klabu hauna nafasi ya kueleza mitaa; una mistari minne hadi minane inayorudiwa. Jina la jiji linatumika kama ala. "Chicago" lina silabi tatu zenye irabu wazi, linakaa juu ya midundo mitatu na kuacha wa nne kwa ajili ya kuvuta pumzi, na irabu yake ya mwisho inaweza kuvutwa vipimo viwili vizima. Jina linaloishia kwa konsonanti ngumu haliwezi hilo, kwa hiyo mtunzi mzuri huliweka mwanzo wa mstari. Ukiona mwimbaji analilazimisha mwisho na kulikata ghafla, maneno yameandikwa kabla ya kusikiliza mdundo.

Kutaja majiji ni mbinu ya kale katika soul. Martha and the Vandellas wa Detroit, katika "Dancing in the Street" ya mwaka 1964, waliyaita majiji kadhaa kwa jina, Chicago ikiwemo, na wasikilizaji wa kila jiji wakausikia kama wao. Wala si lazima aliyeuimba kwanza awe ndiye atakayebaki nao: "Native New Yorker" ilirekodiwa na Frankie Valli mwaka 1977, lakini kundi la Odyssey, likiongozwa na sauti ya Lillian Lopez, ndilo lililoupeleka sakafuni mwaka huo huo, na ndilo linalokumbukwa.

Mimi naona nyimbo zinazobeba usiku wa jiji kwa muda mrefu zaidi ni zile ambazo mara nyingi hazilitaji kabisa. Holloway alilia kuhusu mapenzi. "Love Sensation" yake ya mwaka 1980, iliyotungwa na kutayarishwa na Dan Hartman na kumiksiwa na Tom Moulton, ilifika namba moja kwenye chati ya klabu ya Billboard, jarida la muziki la Marekani, na hakuna mtaa unaotajwa humo. Lakini mashabiki wa hausi wakiulizwa sauti ya mwanzo ya muziki wao, jina lake haliko mbali. Jiji nalo limewatambua waliofanya kazi hiyo: mwaka 2004 sehemu ya Jefferson Street ilipewa jina la heshima la Frankie Knuckles, kwa msaada wa Barack Obama aliyekuwa seneta wa jimbo la Illinois, na mwaka 2023 jengo la Warehouse likawekwa chini ya ulinzi kama kumbukumbu ya jiji.

Sasa pesa. Kila wimbo uliorekodiwa una mali mbili ndani yake, na asiyezitenganisha hataelewa chochote. Ya kwanza ni utunzi: maneno na muziki, mali ya aliyeandika. Ya pili ni rekodi: ile sauti iliyonaswa siku fulani, mara nyingi mali ya lebo. Mwimbaji anaweza kuwa hana hata moja. Alikuja, akaimba wimbo wa mwingine kwenye studio ya mwingine, akalipwa, akaondoka.

Klabu ya Marekani inapopiga wimbo hulipia leseni kwa vyama vya watunzi, kama ASCAP na BMI. Fedha hiyo ni ya utunzi peke yake. Sheria ya Marekani haiwapi waimbaji mirabaha pale rekodi yao inapopigwa klabuni au kwenye redio ya kawaida ya mawimbi. Mwimbaji ambaye hakuandika anaweza kujaza kumbi za jiji zima kwa miaka thelathini asipate senti kutokana na kupigwa huko. Anayedhani kwamba DJ, au klabu, humlipa mwimbaji kila wimbo unapopigwa amekosea nchi. Kwenye redio za intaneti na za setilaiti hali ni tofauti tangu sheria ya mwaka 1995: fedha zinazokusanywa na shirika la SoundExchange hugawanywa asilimia 50 kwa mwenye rekodi, 45 kwa msanii mkuu, na 5 kwa waimbaji na wapigaji wa nyuma. Uingereza, waimbaji hulipwa kupitia shirika la PPL hata kwa kupigwa hadharani. Kenya nayo mgawanyo huu unaonekana kwenye vyama vyenyewe: MCSK iliundwa kwa ajili ya watunzi, PRISK kwa ajili ya waimbaji na waigizaji, KAMP kwa ajili ya wazalishaji wa rekodi.

Ile sauti tupu tuliyoitaja mwanzoni ndiyo inayofungua mlango wa hatari. Ukishatoa toleo lisilo na ala, yeyote anaweza kulitia kwenye muziki wake. Sauti tupu ya "Love Sensation" ilikuwa inazunguka kwenye santuri za ma-DJ, na mwaka 1989 kundi la Italia, Black Box, lilikata vipande vyake na kutengeneza "Ride on Time". Wimbo huo ulikaa namba moja Uingereza wiki sita, ukawa singo iliyouzwa kuliko zote nchini humo mwaka huo. Jukwaani alisimama mwanamitindo Katrin Quinol, akifumbua mdomo kwa sauti ya Holloway. Jina la mwenye sauti halikuwepo.

Kuchukua kipande cha rekodi kunahitaji ruhusa mbili, ya mwenye utunzi na ya mwenye rekodi. Kumwajiri mtu mwingine aimbe upya mstari ule ule kunahitaji ya utunzi tu. Hilo linaeleza hatua iliyofuata: Heather Small, baadaye wa kundi la M People, akaimba upya sehemu hizo, na toleo lake likatolewa. Mgogoro kuhusu sauti ya Holloway ulimalizwa kwa makubaliano ya malipo. Mwaka 1991 "Good Vibrations" ya Marky Mark and the Funky Bunch ilitumia vipande vya "Love Sensation" hiyo hiyo, safari hii jina la Holloway likiandikwa kwenye singo yenyewe, na ikafika namba moja Marekani. Kitaalamu tofauti kati ya nyimbo hizo mbili ni ndogo. Kwa mwenye sauti, ilikuwa kubwa.

Hakuwa peke yake. Martha Wash alisikika kwenye "Gonna Make You Sweat" ya C+C Music Factory mwaka 1990 na kwenye nyimbo za Black Box, huku wanawake wengine wakionekana kwenye video. Alikwenda mahakamani, kesi zikaisha kwa makubaliano, na kampuni za rekodi zikaanza kuwa makini kuandika jina la anayeimba. Inasikitisha kwamba hadi leo bado ni jambo la kukumbushana.

Mwimbaji wa soul anayeitwa kuimba singo ya klabu, awe Chicago au Dar es Salaam, anaweza kujilinda kwa karatasi chache kabla ya kuvua hedifoni. Kama amebuni hata kiitikio, au yale maneno ya papo hapo ambayo rimiksi itayafanya kuwa wimbo mzima, aandikwe kama mtunzi, kwa asilimia inayotajwa, na wote waliokuwa chumbani watie saini siku hiyo hiyo. Mkataba useme sauti tupu itatolewa au haitatolewa, na nani ataruhusu matumizi yake. Kila toleo, yaani la redio, refu, dabu na kila rimiksi, lipewe namba yake ya ISRC, yaani utambulisho wa kimataifa wa rekodi wenye herufi na tarakimu 12, na jina la mwimbaji liingizwe kwenye nafasi ya msanii kwa kila moja. Mara nyingi fedha hupotelea hapa: toleo la redio linasajiliwa vizuri, kisha rimiksi inayopigwa kuliko zote inapandishwa mtandaoni na kijana wa ofisini ikiwa na jina la DJ peke yake. Malipo ya kidijitali ya sauti ile yanabaki bila mwenyewe. Kusahihisha nafasi hiyo moja ni kazi ya dakika tano kabla wimbo haujatoka, na ya miezi mingi baada ya hapo.